Mwako wa Mshenga

Mitungi ya dawa haikuwa na haraka na mtu. Mtungi wa nyumbani kwa Mwantumu ulitundikwa jikoni, kati ya jokofu na mlango wa uani, na ndani yake mliishi hamira iliyofunzwa kutengeneza dawa moja tu. Hamira ni hamira. Uibembeleze, uitukane, itatoa kilichopo kwa siku hiyo, na anayetaka zaidi angoje kesho.

Jioni, baada ya sala ya magharibi, watu watatu wa nyumba ile waliusogelea mmoja mmoja. Kulikuwa na Mwantumu mwenyewe, mjane, fundi mkuu wa mitungi ya mji wa Muheza. Kulikuwa na kaka yake mkubwa, Mwinjuma, pande la mtu, mstaafu wa reli, aliyehamia kwa mdogo wake alipofiwa na mke. Na kulikuwa na Shaweji, mtoto pekee wa Mwantumu, mwalimu wa hesabu, kijana mwembamba mwenye figo mbovu. Kila mmoja alitia mkono katika bangili ya mpira iliyokuwa ubavuni mwa mtungi. Bangili ilisoma damu, mtungi ukapiga hesabu zake, kisha dawa ikapenya ngozini bila sindano, na mtu akasikia ubaridi ukipanda mpaka begani. Aliyewaka zaidi alipewa kwanza. Wengine waligawana kilichobaki, kama kilibaki.

Jioni hiyo Shaweji alitia mkono, akangoja, akautoa.

"Leo tena hamna," alisema, kwa sauti ya mtu anayewaambia wenzake kwamba chumvi imekwisha.

Mwinjuma, aliyetangulia, alikuwa akishusha mkono wa kanzu na hakumtazama mtu usoni.

Labda tueleze kidogo hapa, maana watoto wa siku hizi wameikuta mitungi ukutani na wanadhani ilikuwapo tangu dunia iumbwe. Ukijikata kidole pakavimba, pakawa pekundu, pakapata moto, huo ni mwako, na ni wa heri: askari wa mwili wamefika kupambana na uchafu, na wakimaliza watarudi kambini. Lakini uko mwako mwingine usio na kidonda. Huo huletwa na sahani. Unga mweupe asubuhi, soda mchana, jioni viazi vilivyokaangwa kwa mafuta ya juzi, na kesho yake hivyo hivyo, mpaka utumbo unachoka na mafuta ya mwilini yanajaa kupita kiasi. Watu walidhani mafuta ya mwilini ni ghala tu, limetulia. Kumbe ghala likifurika linapiga yowe, askari wanakuja, adui hawamwoni, na kwa kuwa wameshakuja na silaha wanaanza kupiga humo humo ndani. Insulini ikibisha hodi haisikiki. Habari kwamba tumbo limeshiba ikipanda kichwani haisikiki. Mtu anakula tena, ghala linanenepa, yowe linazidi. Wanene walichekwa kwa ulafi, na wengi wao walikuwa wanaungua tu. Kisukari, presha, moyo, viungo, figo. Nchi ilizika watu mpaka ikachoka kuzika.

Ndipo ikaja mitungi, mmoja kila nyumba, kwa sababu hamira lazima izoeshwe damu na chakula cha nyumba moja. Ukiihamishia kwa jirani inakufa. Likabaki swali la mgao. Wakubwa wa Idara ya Mitungi walitaka kila mtu wa nyumba apewe sawa na mwenzake. Mwantumu, wakati huo fundi kijana asiye na jina, alisimama mkutanoni akawaambia kugawana sawa ni kwa biskuti, si kwa moto; apewe kwanza anayewaka zaidi. Wakampigia makofi, kanuni ikapita. Naye hakuwahi kuijutia mpaka ilipoingia jikoni kwake.

Daktari wa Tanga alikuwa amekwisha kumweleza bila kuzunguka. Figo za Shaweji ziko ukingoni. Zikipozwa sasa zitabaki zilivyo, kijana ataoa, atafundisha, atazeeka. Zikiachwa ziwake mpaka mwisho wa masika zitageuka makovu, na kovu la figo halirudi nyuma. Mama huyo alitoka pale akiwa ameelewa kila kitu, na huko kuelewa ndiko kulikokuwa kubaya zaidi.

*

Swali lilikuwa, Mwinjuma anawaka kwa nini.

Chakula cha nyumbani hakikuwa na lawama. Walikula dona, mlenda, kunde, kisamvu, samaki wa kuchoma akipatikana. Mwantumu alipika mwenyewe na alijua kilichoingia chunguni. Alipomwuliza kaka yake, Mwinjuma alijibu kwa upole kwamba anakula wanachokula wao. Alipomwuliza tena, akajitia hamnazo, akaanza habari za treni kuchelewa.

Treni hiyo alikuwa akiipanda kila Ijumaa. Yeye ndiye aliyekuwa mshenga wa Shaweji, na nani tena awe mshenga kama si mjomba mtu? Alivaa kanzu iliyopigwa pasi, kofia ya kushonwa kwa mkono, akaenda Pongwe kwa Mzee Kibwana, kuzungumzia posa ya binti yao Mwanakombo. Alirudi alasiri amechoka, akanywa maji mengi, akalala. Kanzu yake ilinuka mafuta ya kukaangia.

Hapo Mwantumu akakata shauri kwamba ameelewa. Stesheni ya Pongwe ilijaa vibanda vya chipsi, vile vinavyopika kwa siri Idara isijue, na mtu mzima aliyezoea vya barabarani tangu ujana wake wa reli angepitaje hapo mikono mitupu? Kuhusu chakula cha wenyeji, hakikumpitia akilini. Idara ilikuwa imehubiri miaka mingi kwamba mgeni aonje, ashukuru, aache, na Mwantumu aliamini desturi imeshika, kwa sababu kila nyumba aliyoingia na kitambulisho chake kifuani aliwaona watu wakionja, wakishukuru, wakiacha. Hakuwahi kujiuliza walikuwa wakila nini alipokwisha kuondoka.

Alikasirika, tena sana. Alimwona kaka yake akila figo za mwanawe kipande kwa kipande, pamoja na kachumbari.

Sasa, kila fundi alikuwa na ufunguo. Kazi yake ilikuwa kufunga mgao wa mtu mmoja bila kugusa wa wengine: mtu akisafiri, akifa, au mwenyewe akiomba kwa sababu zake. Sharti lilikuwa moja, mwenyewe aulizwe uso kwa uso, aelezwe yatakayompata, aridhie. Na aliyefungwa kwa ridhaa yake hafunguliwi na yeyote mpaka aseme mwenyewe tena. Katika hilo pia Mwantumu alikuwa na mkono wake, maana aliandika nusu ya sheria hiyo.

Asubuhi moja, Mwinjuma akiwa barazani na Shaweji shuleni, Mwantumu alichomeka ufunguo juu ya jina la kaka yake. Mtungi ukauliza kwa sauti ile yake isiyo ya kike wala ya kiume: mwenyewe ameridhia?

"Ameridhia," alisema Mwantumu.

Mtungi haukuwa na sababu ya kutomwamini. Akageuza ufunguo, akaosha mikono, akaenda kazini.

*

Shaweji alianza kupona machoni mwa watu. Uvimbe wa asubuhi chini ya macho ukakauka. Soksi zikaacha kumchora miguuni. Akarudi kupiga mluzi akisahihisha madaftari, na siku moja akaja na kitambaa cha suti akimwuliza mama yake kama rangi hiyo haimzeeshi. Mwantumu alifurahi mpaka akaogopa furaha yenyewe.

Upande wa pili wa nyumba mambo yalikwenda vingine. Mwinjuma alikunywa maji kama anayezima kitu, akaamka kwenda chooni, akarudi kunywa. Alisinzia katikati ya maneno. Mkanda wa ndara ulimchubua kidole kikubwa cha mguu, mchubuko usio na maana, na mchubuko ule ukakataa kufunga, ukageuka kidonda, kidonda kikapata harufu. Na kila jioni alitia mkono katika bangili, akangoja kama wenzake, akautoa, akashusha mkono wa kanzu. Mwantumu alihakikisha wakati huo ana shughuli sehemu nyingine, sufuria ya kusugua au mboga ya kuchambua. Alijiambia ni suala la muda mfupi, figo zikishatulia atamfungulia. Fundi aliyesoma akijidanganya, hujidanganya kwa hesabu nzuri.

Ijumaa moja Mwinjuma alimwomba amsindikize Pongwe. Mguu ulikuwa unamsumbua kupanda ngazi za treni, na isitoshe wanawake wa kule walikuwa wakiuliza mama wa kijana ni nani. Walipokuwa mlangoni akamtupia jicho kifuani, akamwambia kitambulisho cha Idara akiache, watu wasije wakadhani wamekuja kukaguliwa. Mwantumu akakivua, akakiweka juu ya jokofu.

Kwa Mzee Kibwana walipokewa vizuri. Yeye alikuwa mfupi, mchangamfu, mwuza mbao, na alimshika Mwinjuma mkono kama ndugu wa siku nyingi. Wanaume walikaa barazani, Mwantumu akapelekwa ndani kwa wanawake, na kutoka alipoketi mkekani aliona baraza nzima kupitia mlango ulio wazi.

Likaingia sinia. Pilau iliyong'aa mafuta, kuku wa kukaanga, sambusa, mikate ya kumimina, kaimati zilizolowa shira, jagi la juisi ya ukwaju yenye sukari ya kusimamisha kijiko. Mwantumu aliona kaka yake akinawa. Alingoja aonje, ashukuru, aache. Mwinjuma alikula. Alikula polepole, kwa heshima, bila pupa, tonge baada ya tonge, jasho likimtiririka, na Mzee Kibwana akila naye sinia moja kama adabu inavyotaka, na kila sehemu ilipopungua mkono fulani ulitokea nyuma ya pazia ukaongeza. Hakuwa anafurahia. Mtu aliyemjua angeona kwamba anafanya kazi.

Shangazi mmoja wa Mwanakombo, mama mwenye maneno yake, alimgusa Mwantumu gotini kwa furaha. Alimwambia kwamba mshenga wao ni mtu wa haja. Kulikuwa na mwingine aliyekuja kabla yake kutoka Korogwe, akadonoadonoa, akasema ameshiba, nao wakaelewa mara moja kwamba huko atokako kuna mgonjwa anayemaliza mtungi.

"Sheria inatukataza kuuliza vipimo vya nyumba ya mtu," alisema shangazi. "Haitukatazi kupika."

Mwantumu alitabasamu kwa sababu uso ulihitaji kufanya kitu. Usiri wa vipimo ulikuwa fahari ya Idara. Mchumba asikataliwe kwa damu yake. Watu hawakubishana na sheria. Walimwandalia mgeni. Nyumba ambayo mshenga wake anakula bila hofu ni nyumba iliyopoa, ina dawa ya kutosha na ziada. Na minong'ono kuhusu figo za mwalimu Shaweji ilikuwa imekwisha kufika Pongwe, kwa hiyo sinia lilikuwa kubwa kila Ijumaa, na kila Ijumaa Mwinjuma alilimaliza.

*

Katika treni ya kurudi walikaa wawili tu kwenye chumba chao cha behewa. Mwinjuma alinyoosha mguu juu ya kiti cha mbele, akafumba macho. Mwantumu alipiga moyo konde, akamwambia. Hakujipamba. Alisema alimfungia mgao, siku gani, alidanganya nini, alidhani nini.

Mwinjuma hakufumbua macho.

"Najua," alisema. "Nilijua jioni ile ile. Ubaridi haukuja."

Mwantumu akamwuliza kwa nini basi hakusema, kwa nini kila siku anatia mkono mahali pasipo na kitu. Kaka yake akamjibu kana kwamba jambo lenyewe ni dogo. Angesema, Shaweji angesikia. Shaweji angesikia, angetaka mjomba wake afunguliwe. Basi kulikuwa na haja gani ya kusema.

"Ulinikosea, mdogo wangu," akaongeza baada ya kitambo. "Usidhani hukunikosea. Ungeniuliza tu, ningekubali."

Mwantumu alilia hapo, kimya, uso ameugeuzia dirishani, mikonge na michungwa ikipita. Alipotulia akasema akifika nyumbani atamfungulia. Mwinjuma akakataa. Ijumaa ijayo ndiyo ya jibu, na sinia la jibu ndilo kubwa kuliko yote. Akila lile bado akiwa amefungiwa, mtoto atapata dawa yake na mke atampata, na mambo yataishia hapo. Mwantumu akamwambia kidonda kile hakitangoja mambo yaishie hapo, kitakwenda na vidole, pengine na mguu, pengine na yeye mzima. Mwinjuma akasema mguu wake umekwisha kutembea vya kutosha.

Mtu wa nje angesema jambo limejimaliza: mwenyewe ameridhia, sheria imetimia, japo nyuma mbele. Mwantumu aliligeuza kichwani njia nzima na halikukaa. Ridhaa ya mtu uliyekwisha kumfungia ni ridhaa gani? Na akimfungulia kwa nguvu, je, hatakuwa amemwamulia mara ya pili? Kama angekuwa anamsikiliza fundi mwingine akimletea kesi hiyo ofisini, angempa jibu kabla chai haijapoa.

*

Ijumaa ya jibu alikwenda tena, safari hii kitambulisho kikiwa kifuani. Mwinjuma alikiona, akashika njia ya stesheni.

Sinia la jibu lilibebwa na watu wawili. Wazee wa upande wa Mzee Kibwana walikuwa wamekaa duara, Mwinjuma amekunja mkono wa kanzu, mguu wake umefungwa kitambaa na kufichwa chini ya msala. Amekwisha kunawa. Mwantumu aliinuka mkekani, akavuka mlango, akaingia baraza la wanaume, jambo ambalo mama wa bwana harusi halifanyi. Akachukua kawa lililofunika chakula kilipoletwa, akalifunikia sinia tena.

Wote wakawa kama waliomwagiwa maji.

"Mwanangu ni mgonjwa wa figo," alisema. "Kaka yangu ni mgonjwa wa sukari, na mguu wake unaoza. Mtungi wetu hauwatoshi wote wawili. Anakula hapa ili msijue. Mkitaka kukataa, katalieni hilo. Lakini hatakula tena."

Mwinjuma aliinamisha kichwa, maji ya kunawa yakimdondoka vidoleni. Mwantumu alikuwa na hakika kwamba amevunja posa ya mwanawe mbele ya watu, na alikuwa amekubali hivyo.

Mzee Kibwana ndiye aliyeanza. Uchangamfu wote ulikuwa umemtoka. Aliuliza, kama anayejiuliza mwenyewe, kama watu wa Muheza wanadhani pilau hii yeye aliila kwa raha. Mwenyeji lazima ale na mgeni wake, na akidonoa mgeni ataona kwamba nyumba ina hofu. Kila Ijumaa amekula sawa na mshenga, na kila Ijumaa jioni yeye ndiye aliyewaka kuliko wote na yeye ndiye aliyepewa kwanza. Mama yake mzazi, Bi Mashavu, yuko chumba cha nyuma na viungo vilivyovimba, na tangu barua ya posa ifike amekuwa akitia mkono kwenye bangili na kuutoa.

"Vidole vyake havikunji tena," alisema Mzee Kibwana. "Tumemwambia ni baridi ya mvua."

Aliingia ndani kuzungumza na watu wake. Alipotoka alikuwa na sura ya mtu aliyeona haya nyumbani kwake. Alisema walimwuliza Mwanakombo kama bado anamtaka mwalimu sasa kwa kuwa habari zake zimejulikana, na binti akawauliza habari gani, figo? Shaweji alimwambia mwenyewe kabla ya barua kuandikwa. Hakuna aliyemwuliza binti, kwa hiyo hakusema. Jibu basi lilikuwa ndiyo, na wenye kulijua walikuwa wamelijua siku nyingi, bila punje moja ya mchele.

Shangazi yule mwenye maneno yake alilibeba sinia akalirudisha jikoni bila kutazama mtu.

*

Magharibi walikuwa wote watatu jikoni. Mwantumu alimweleza Shaweji yote, mwanzo mpaka mwisho, akiwa amesimama. Kijana alisikiliza kama anavyosikiliza mwanafunzi anayefanya hesabu ubaoni, hamkatizi hata anapokosea. Mwisho aliuliza daktari aliyeuona mguu wiki hiyo amesema nini. Mwantumu akamwambia: kidole kimoja kimekwisha kufa, mguu bado unaweza kuokoka ukipozwa kuanzia leo.

Akachukua ufunguo amfungulie kaka yake. Mwinjuma akakataa. Alisema sasa anaulizwa kwa mara ya kwanza na jibu lake ni hapana, na mdogo wake ndiye aliyeandika kwamba aliyekataa haguswi. Alikaa kwenye kigoda, amefumbata mikono kifuani, mkubwa, mkaidi, na hapakuwa na sheria ya kumwinua.

"Basi na mimi nifungie," alisema Shaweji.

Mama yake alimwambia aache mchezo. Shaweji akasema si mchezo. Mjomba alifungiwa bila kuulizwa. Yeye anaomba mwenyewe, mpaka kidonda kifunge. Mwantumu alitafuta njia ya kukataa na hakuipata, kwa kuwa alikuwa ameziba zote kwa mkono wake miaka ile, kuwalinda watu dhidi ya jamaa wanaowapenda.

Kilichobaki ni kile sheria inachomtaka fundi afanye. Alivuta kiti, akaketi mbele ya mwanawe, akamweleza. Alimweleza kidonda cha namna ile huchukua muda gani kufunga katika mwili wenye sukari, na figo za namna yake huchukua muda gani kuwa makovu, na kwamba kati ya viwili hivyo haijulikani kipi kitatangulia. Alimweleza mashine ya kusafisha damu ilivyo, siku ngapi za wiki, kwa miaka mingapi. Alimweleza kwamba bila masinia ya Pongwe mjomba wake atapoa upesi zaidi, na hilo ni tumaini, si ahadi. Hakumficha neno. Sauti yake ilikatika mara moja tu, alipofika kwenye watoto ambao huenda asiwaone wakikua.

Akachomeka ufunguo. Mtungi ukauliza.

"Nimeridhia," alisema Shaweji.

Mwantumu akageuza ufunguo juu ya jina la mwanawe. Yeye mwenyewe hakuwa na mwako wa kutosha kupewa hata tone, na dawa isiyo na mwenyewe haikai mtungini, hamira isije ikalewa kwa dawa yake yenyewe. Kwa hiyo mtungi ulifungua tundu la chini, na dawa ya siku hiyo ikaanza kudondoka ndani ya sinki, tone, kisha tone, kisha mkondo mwembamba wenye rangi ya chai ya rangi. Watu watatu waliitazama ikiteremka. Wawili kati yao walikuwa wanaungua.

Mwinjuma alivumilia kidogo. Kisha alijikokota kutoka kwenye kigoda, akashika ukuta, akafika, akasukuma mkono wake mnene ndani ya bangili.

"Nifungulie," alisema. "Mnamwaga."

Mtungi ukauliza kama mwenyewe ameridhia, naye akajibu kwa hasira kwamba ameridhia, ameridhia, ufanye kazi yake. Mwantumu akageuza ufunguo. Mkondo ukakatika. Ubaridi ulipompanda mzee begani aligeuzia uso ukutani, na Shaweji akaja kusimama upande wake wa kushoto ili apate mtu wa kuegemea mpaka dawa yote iishe.